Mimba Hewa

Wafanyakazi hewa tumewasikia, kaya hewa tumezisikia, tukadhani orodha imeisha. Haijaisha. Fuga mbwa jike ambaye hajatolewa kizazi, mpe chanjo, mjengee banda la bati jipya, halafu hesabu wiki 6 hadi 8 tangu atoke kwenye joto, yaani zile siku zake za kutaka dume. Atakuletea mimba hewa. Tumbo litatuna, chuchu zitajaa, maziwa yatadondoka sakafuni, na ukienda kuhesabu watoto utakuta ndala moja ya kulia, soksi ya mwanafunzi wa darasa la pili na gunzi la hindi. Wote wamelambwa, wamelala kwa mstari, na mama yao anakutazama kama mgeni uliyeingia wodini bila kuvua viatu.

Ukimwambia jirani, atacheka. Ukimwambia fundi wa geti, atauliza dume lilipitia wapi. Ukimwambia mama mkwe, atasema mbwa amerogwa. Hakuna atakayekuuliza unakwenda kazini na ndala ipi.

Halafu mbwa mwenyewe hakudanganyi, na hapo ndipo hasira inapokosa pa kwenda. Mbwa jike akishapevusha mayai, mwili wake hutoa homoni ya projesteroni kwa miezi kama 2, awe amepandwa au hajapandwa. Mwili hauulizi. Umeshafungua faili la ujauzito na utalifuata mpaka ukurasa wa mwisho. Projesteroni ikianza kushuka, homoni nyingine iitwayo prolaktini hupanda, na hiyo ndiyo inayoleta maziwa na umama. Majike wote wasiotolewa kizazi hupita kwenye ngazi hizo. Kuna anayepita kimya hata usijue, na kuna anayefungua zahanati ya wazazi chini ya ngazi zako, karibu na mitungi ya gesi.

Sasa, kabla hujaanza kumwita mwongo, hakikisha. Ukuta wako una tundu, na wewe unalijua. Mbwa hupandana hata kwenye upenyo wa geti, wala hawahitaji ruhusa ya mlinzi aliyesinzia. Mimba ya kweli huchukua siku 63 hivi, na mimba ya uongo hujitokeza karibu na tarehe hizohizo, kwa hiyo kumtazama kwa macho hakusaidii kitu. Altrasaundi huonyesha watoto kuanzia kama siku ya 25 hadi 30. Eksirei hungoja mifupa ikomae, yaani baada ya siku ya 45, na ukitaka kuhesabu vichwa bila ubishi ngoja hadi siku ya 55. Ndiyo maana ile kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyoning'inia jikoni isiishie kuandikwa madeni ya maziwa peke yake. Andika siku uliyoona damu ya kwanza, andika siku dume la mtaa wa pili lilipoonekana juu ya ukuta wako likipiga hesabu.

Akithibitika kuwa ni hewa, jiandae kuwa mkatili, kwa sababu kila jambo ambalo moyo wako utakuambia ufanye, ni kosa.

Moyo utasema: maskini, maziwa yamemjaa, hebu tumkamue kidogo apumue. Usikamue! Titi likikamuliwa hupeleka habari kuwa kuna mtoto ananyonya, prolaktini inapanda, kesho yanajaa mara mbili. Umekuwa mtoto wa nne. Moyo utasema: basi tumkande kwa maji ya moto, kama anavyokandwa mzazi. Usikande. Joto na kusuguasugua ni mwaliko uleule. Shangazi atakuja na mafuta ya nazi aseme ayachue taratibu. Mshukuru, mpe chai, ficha mafuta.

Moyo utasema tena: tumwongezee supu, ananyonyesha. Ananyonyesha nani, gunzi? Mpe chakula chake cha kawaida. Kama mlikuwa mmeanza kumpa uji wa maziwa na vichwa vya samaki vya ziada kwa furaha ya kupata wajukuu, viondoeni, maana chakula kingi ni mtaji wa maziwa mengi. Ila maji usimnyime. Kuna watu watakuambia funga maji siku mbili maziwa yatakauka. Kwa joto hili la Dar, kitakachokauka ni mbwa.

Na adui mkubwa wa maziwa kukauka ni mbwa mwenyewe. Anajilamba chuchu usiku kucha, kila ulimi ukipita kiwanda kinapokea oda mpya. Hapo ndipo inatakiwa kola ile ya plastiki yenye umbo la bomba la matangazo. Ukiikosa dukani, chukua ndoo ndogo ya plastiki, kata kitako kiasi cha kichwa kupita kwa kubana kidogo, zungushia ukingo wa tundu mpira wa ndani wa baiskeli usimchane, toboa matundu manne, uifunge kwenye mkanda wake wa shingo. Mdomo wa ndoo uizidi pua kwa vidole viwili au vitatu. Ikiwa fupi, ataipita na kuendelea na kazi. Ikiwa ndefu mno, hatafika kwenye bakuli la maji. Mjaribishe kunywa mbele yako kabla hujaenda kulala. Siku mbili za kwanza atagonga kila mlango, atakwangua rangi ya gari, atamkokota mtoto kwa ukingo wa ndoo. Vumilia.

Njia ya pili ni fulana ya zamani ya mtoto: miguu ya mbele ipite mikononi mwa fulana, kinachobaki ukipige fundo mgongoni. Fulana ni rahisi kuliko ndoo, lakini ivue asubuhi na jioni umkague. Mbwa ana chuchu 8 hadi 10, na zile za nyuma ndizo hujaa zaidi, kwa hiyo usiangalie za mbele ukaondoka umeridhika. Fulana ikilowa maziwa, badilisha. Kitambaa kibichi juu ya ngozi yenye joto kitakuletea vidonda, na hapo utakuwa na matatizo mawili yanayonuka.

Turudi kwenye ndala. Usiichukue mdomoni mwake. Narudia kwa ajili ya wale akina baba wanaosema "mbwa wangu ananijua": usiichukue mdomoni mwake. Mbwa mpole wa miaka 5 aliyekuwa anabebwa na watoto kama mto, wiki hizi anaweza kukung'ata kwa ajili ya soksi. Kwa hesabu zake unaiba mtoto. Mtoe matembezi, dakika 30 hadi 40, saa 12 asubuhi kabla jua halijachachamaa, na jioni tena. Akiwa nje, mtu mwingine akusanye watoto wote, afue tandiko, azibe pale alipochimba. Akirudi akute nyumba imefagiwa. Matembezi nayo ni dawa, yanamtoa kwenye kiota na kumchosha, ingawa atakuvuta kurudi nyumbani kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Kama ameshashika kitu na ni lazima kitoke sasa hivi, mtupie kipande cha nyama mbali na pale, subiri akifuate, ndipo ukiondoe. Watoto wa nyumbani wasimsogelee alipojikunja.

Akianza kukuungurumia ndipo mtaa mzima utapiga kelele: kichaa! Mlinzi ameshashika rungu. Basi tuelewane. Mwenye mimba hewa hukasirika ukisogelea kiota chake. Ukikaa mbali anakuwa yuleyule wa siku zote, anakula, anakunywa, anakuja ukimwita. Lakini kama hana chanjo ya kichaa cha mbwa, amebadilika tabia, anatoa udenda, hawezi kumeza, anashambulia hewa, hapo usikae kubishana, mwite daktari wa mifugo. Na aking'ata mtu, awe na mimba au asiwe nayo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Masuala ya ndala baadaye.

Mara nyingi kero hii huisha yenyewe ndani ya wiki 2 au 3. Ikikataa, au maziwa ni mengi mno, daktari anaweza kuandika kabegolini, dawa inayozima prolaktini. Kipimo chake ni mikrogramu 5 kwa kila kilo ya mbwa, mara moja kwa siku, pamoja na chakula, kwa siku kama 5 hadi 7. Sasa piga hesabu: mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 100, na kidonge cha binadamu kina 500. Yaani sehemu moja ya tano ya kidonge chenye ukubwa wa punje ya dengu. Wewe unayekata keki ya watu kumi vikatoka vipande saba, usishike wembe. Mwachie daktari akupimie. Na dawa hiyo huharibu mimba ya kweli, kwa hiyo ile habari ya altrasaundi haikuwa mapambo.

Jingine linalowaponza wengi: mbwa akitapika kidogo, mtu anafungua droo na kutoa metoklopramidi iliyobaki kwa bibi. Dawa hiyo ya kuzuia kutapika hupandisha prolaktini. Umezima moto kwa petroli.

Yapo mambo ambayo si ya kuchekea. Titi likiwa gumu, la moto, jekundu au la zambarau, likitoa usaha au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, likizidi hapo usingoje asubuhi. Na kibaya zaidi, usaha wa kizazi hupenda kuja majira hayohayo, wiki 4 hadi 8 baada ya joto. Akinywa maji kupita kiasi, akakojoa ovyo, akatapika, akalegea, awe anatoka uchafu nyuma au hatoki, hiyo ni dharura ya leo. Usiseme ni umama.

Jirani bado yupo ukutani na ushauri wake: "Mzalisheni mara moja tu, itaisha." Haitaisha. Mbwa aliyezaa hupata mimba hewa kama kawaida kwenye joto linalofuata, tofauti ni kwamba sasa una vitoto 7 vya kutafutia wenyewe, na jirani huyo hatachukua hata kimoja. Kinachomaliza kabisa ni kumtoa kizazi, ila si sasa, maziwa yakiwa bado yanatoka. Ukimpasua wakati huu projesteroni hushuka ghafla na hali inaweza kung'ang'ania miezi. Ngoja akauke, atulie, miezi 3 au 4 baada ya joto, ndipo apelekwe.

Ukiahirisha, na utaahirisha kwa sababu ada za shule nazo zimekuja, joto jingine ni baada ya miezi 6 hivi. Kuanzia wiki ya 5 baada ya hapo, viatu viingie ndani. Ndala ya kulia imepatikana nyuma ya tangi la maji. Ya kushoto chimba karibu na mpapai, kwa koleo dogo, mbwa akiwa hayupo.