Marefa wa Deiwaka

Mtu akiniambia refa ni adui wa mpira, huwa namuuliza swali moja tu: Septemba 2012 ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa huku Minnesota, kwenye baridi ambayo sijui nani alinituma kuifuata, na niliyaona.

Kwanza tuelewane. Mpira ninaousema siyo wetu. Ni ule wa yai, wa Wamarekani, ambao wao wanauita wa miguu halafu wanaukimbiza wameubana kwapani. Mwanzoni sikuuelewa kabisa. Watu wanakimbia sekunde tano, wanaangukiana, tangazo la bia. Wanainuka, wanajadiliana, wanakimbia tena, wanaangukiana, tangazo la gari. Saa tatu zinakwisha hivyo na bado hujui nani kaonewa. Lakini ukifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya jioni, utaujua tu, utake usitake, maana rimoti haiko mkononi mwako. Rimoti iko kwa Mzee wa Jibini.

Jina hilo nimempa mimi. Kwao ni Wisconsin, jimbo la jirani, na ni mfia timu wa Green Bay Packers. Mashabiki wa timu hiyo huvaa kofia ya sponji ya njano iliyokatwa mfano wa kipande cha jibini. Mtu mzima, miaka themanini na ushee, kila siku ugomvi kwamba soksi zinambana havai, lakini jibini kichwani linamkaa vizuri. Na hapa tulipo ni himaya ya Minnesota Vikings, mahasimu wakubwa wa Packers. Kwa lugha ya nyumbani, Mzee damu yake ni ya Jangwani halafu anazeekea Msimbazi. Ndiyo maana ana hasira muda wote.

Hasira zenyewe alikuwa anazimalizia kwa marefa. Kwenye mpira huo wapo saba uwanjani, wote mashati ya mistari, kiunoni kitambaa cha njano cha kutupa mtu akifanya faulo. Mkubwa wao anavaa kofia nyeupe na ana maikrofoni, kwa hiyo akikosea anautangazia uwanja mzima. Mzee alikuwa anawatukana wote saba kwa zamu, hakuna aliyerukwa. Mimi nakata nyama yake vipande vidogo, yeye anauliza yule wa kofia nyeupe alizaliwa na nani.

Basi mwaka huo mkataba wa marefa na ligi, ile NFL, ulikuwa umekwisha, na ilipofika Juni mambo yakaharibika. Watu wengi mpaka leo wanasema marefa waligoma. Hawakugoma! Walifungiwa mlango. Mwenye mali ndiye aliyewaambia: bakini nyumbani mpaka mkubali tunachotaka. Ukigoma angalau umeamua mwenyewe na unapiga kelele barabarani. Ukifungiwa, umepiga pasi shati lako la mistari, na mlango haufunguki.

Ugomvi ulikuwa na mambo kadhaa, lakini kubwa lilikuwa pensheni. Marefa 121 walikuwa na pensheni ya uhakika: ukistaafu unajua unapata kiasi gani. Ligi ikasema hiyo iondoke, kila mtu awekewe fedha kwenye akaunti inayopanda na kushuka na soko la hisa, na uzee wako utegemee soko limeamkaje. Na hii ni ligi iliyokuwa ikiingiza takriban dola bilioni 9 kwa mwaka. Bilioni. Kamishna wao, Roger Goodell, alisimama na uso mkavu kutetea jambo hilo.

Mimi hesabu za aina hiyo sishangai. Pale kazini kwangu mapokezi yamewekwa samaki wa rangi kwenye tangi refu kuliko gari, na samaki hao wana mtu wao wa kuja kuwaangalia, lakini glavu tunahesabiwa. Ukichukua pea ya ziada unaulizwa umeipeleka wapi. Nimeipeleka wapi? Nimekwenda nayo disko.

Hata hivyo sitaki kuwaonea marefa huruma kupita kiasi. Wastani wa malipo yao mwaka 2011 ulikuwa dola 149,000, na wengi wao kuchezesha ni kazi ya pembeni! Ed Hochuli, yule mwenye mikono ya mnyanyua vyuma, alikuwa wakili. Gene Steratore alikuwa na biashara ya vifaa vya usafi. Mwenzangu anauza sabuni na mopu, Jumapili anapuliza filimbi. Mimi mopu ninazo, nazishika kila jioni, sijapewa hata filimbi.

Sasa mechi lazima zichezwe, kwa hiyo ligi ikatafuta watu wa kujaza nafasi. Marefa wa vyuo vikubwa hawakuja. Waliokuja ni wa vyuo vidogo na wa shule za sekondari. Ilikuwepo hata ligi ya wanawake waliocheza mpira huo na nguo za ndani, msinicheke, ilikuwepo kweli, na yenyewe ikajitokeza hadharani kusema baadhi ya hao marefa wapya iliwahi kuwatimua kwa sababu kazi haikuwa inaeleweka mikononi mwao. Hebu fikiria unaajiriwa ligi kuu, halafu walioleta barua ya kukukana ndio hao.

Aliyepanda daladala Dar anawajua watu hawa. Ni deiwaka. Dereva mwenyewe yuko nyumbani, gari kapewa mtu ambaye gia ya pili anaitafuta kama sarafu iliyoanguka chini ya kiti, kituo chako anakipita, ukilalamika anakwambia "tulia mzee, mimi leo tu". Wale marefa walikuwa "leo tu" kwa wiki tatu za ligi, ukiacha mechi za maandalizi.

Wiki ya kwanza, kule Arizona, Seattle Seahawks walipewa nafasi ya nne ya kusimamisha mchezo kipindi cha pili. Kila timu inazo tatu. Tatu! Hata mimi nazijua. Wiki ya pili, refa mmoja akaondolewa saa chache kabla ya mechi ya New Orleans Saints, kwa sababu watu walikuta picha zake Facebook zinazoonyesha ni shabiki wa Saints haohao. Mchezaji wa Philadelphia, LeSean McCoy, akasimulia kwamba refa mmoja alimwambia ajitahidi, kwa sababu yumo kwenye timu yake ya kubuni ya mtandaoni, ile ambayo wachezaji uliowachagua wakifanya vizuri uwanjani wewe unapata pointi. Yaani refa anakusukuma ufunge ili yeye awashinde mashemeji zake kwenye simu.

Haki isemwe, katika vurugu hizo lilipatikana jambo moja la historia: Septemba 9, Shannon Eastin akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu ya NFL. Hilo nalipigia makofi. Yanayobaki siyapigii.

Jumapili ya Septemba 23 wakatuletea vituko mpaka hapa Minneapolis. Kocha wa San Francisco, Jim Harbaugh, alikuwa hana nafasi ya kusimamisha mchezo, na sheria inasema kama huna, huruhusiwi kupinga uamuzi. Yeye akapinga. Refa akamkubalia. Baadaye kidogo akapinga tena. Refa akamkubalia tena! Vikings wakashinda 24 kwa 13 hata hivyo, lakini nilimhusudu Harbaugh. Mimi naomba kubadilishiwa zamu moja tu, naambiwa fomu imefungwa. Usiku uleule, kule Baltimore, kocha wa New England, Bill Belichick, alimshika mkono refa aliyekuwa anakimbilia ndani baada ya mechi, akitaka maelezo. Faini, dola 50,000. Maelezo yenyewe hakupata.

Kesho yake, Jumatatu, Packers wako Seattle, na mimi niko zamu. Mzee kavaa jibini tangu chakula cha jioni. Mambo yakaenda mpaka sekunde za mwisho, Packers wanaongoza 12 kwa 7, Seattle wana mchezo mmoja tu. Kijana wao mgeni, Russell Wilson, akaurusha mpira juu kabisa, kwenye pembe ya eneo la kufungia, watu wakarundikana. Kabla ya kuruka, Golden Tate wa Seattle akamsukuma mlinzi wa Packers mgongoni, wazi, mbele ya dunia. Hakuna kitambaa kilichotupwa. Kisha M.D. Jennings wa Packers akaudaka, akaukumbatia kifuani, Tate naye akapenyeza mikono, wakaanguka chini wote.

Marefa wawili wakaja, wakasimama juu ya lile rundo. Wakatazamana. Mmoja akanyoosha mikono yote miwili juu: wamefunga! Mwenzake, wakati huohuo, pua kwa pua naye, akapunga mikono ile ya kusimamisha saa. Picha ikawekwa pale, naiona mpaka leo: watu wawili, shati moja, na kila mmoja na mechi yake.

Wa kofia nyeupe akaenda kutazama marudio, akarudi na kusema wamefunga. Ikawa Packers, wengine wameshaingia vyumbani kwa hasira, wakaitwa warudi uwanjani kwa ajili ya mkwaju wa pointi ya nyongeza, maana sheria ya wakati huo ilikuwa lazima upigwe. 14 kwa 12. Mzee wa Jibini, ambaye kwenye faili imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba hainuki bila watu wawili kumsaidia, akainuka. Peke yake. Akavua jibini, akalitupa kwenye televisheni, akakaa.

Nikalazimika kujaza fomu ya tukio. Inauliza: mkazi alifanya nini? Nikaandika, amesimama. Inauliza: nini kimesababisha? Nikaandika, marefa. Msimamizi akaniita kuniuliza nina maana gani. Nikamwambia awashe televisheni, chaneli yoyote.

Na kweli ilikuwa chaneli yoyote. Asubuhi yake Rais Obama akaandika mtandaoni akiomba ugomvi wa marefa umalizwe. Mchezaji wa Packers, T.J. Lang, akaiambia ligi impige faini na fedha hizo iwalipe marefa wenyewe. Lakini aliyenimaliza ni gavana wa Wisconsin, Scott Walker. Huyu ndiye mwaka 2011 alivikata makali vyama vya wafanyakazi wa serikali jimboni kwake, walimu wakajaa bungeni wiki na wiki wakipiga ngoma, na yeye hakutikisika. Sasa Packers wamefungwa kwa dhuluma, gavana kaamka na usingizi kidogo anadai marefa halisi warudishwe! Marefa halisi ni wanachama wa nini, mheshimiwa? Wa kikundi cha taarabu?

Ligi ikatoa taarifa kwamba, ndiyo, Tate alipaswa kuadhibiwa kwa kusukuma, lakini matokeo yabaki. Halafu ikakimbilia mezani. Mambo yaliyoshindikana tangu kiangazi yakamalizika Jumatano usiku, Septemba 26. Mkataba wa miaka 8. Pensheni ya zamani ikaachwa iendelee mpaka mwaka 2016 kwa waliokuwepo, malipo yakapangwa kupanda mpaka wastani wa dola 205,000 ifikapo mwaka 2019. Kumbe fedha zilikuwepo, zilikuwa zinasubiri Mzee atupe jibini.

Alhamisi, Baltimore dhidi ya Cleveland, akaingia Steratore, muuza sabuni, na wenzake. Uwanja mzima ukasimama. Watu wanapiga makofi, wanapiga mayowe, wanapungia marefa! Marefa wanagusa kofia zao kuitikia. Sijawahi kuona kitu hicho katika maisha yangu na sitarajii kukiona tena. Mzee wa Jibini alikuwa na machozi, nawaapia. Akasema, "Wamerudi." Nikampa tishu. Haikupita robo ya kwanza, kitambaa cha njano kikaruka, na Mzee, tishu bado iko mkononi, akauliza yule wa kofia nyeupe alizaliwa na nani.

Mimi makofi yale yalinikaa rohoni. Kwa sababu kila nikichukua likizo, kazini wanaleta mtu wa wakala. Mara moja nimerudi nikakuta meno ya bandia ya wazee wa korido nzima yamechanganywa, watu wanatabasamu kwa meno ya jirani. Nikayapanga upya, kinywa kwa kinywa, kazi ya siku nzima. Kuna aliyesema asante? Bibi mmoja aliniambia aliyazoea yale mengine.

Nikamwambia mke wangu: na mimi natamani siku moja nirudi likizo, niingie ukumbini, wasimame wote.

"Baba Asha," akasema, "nusu yao wako kwenye viti vya magurudumu. Wasimame na miguu ya nani?"

Nikamkumbusha kwamba Mzee wa Jibini aliwahi kusimama, tena peke yake, na fomu nilijaza mwenyewe.

"Yule alisimama kwa hasira. Ukitaka akusimamie, kafiche rimoti."