Huruma Peke Yake Haitamlinda Mtoto

Kila mwaka dirisha la udahili likifunguliwa, ushauri uleule unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya waliomaliza kidato cha sita: kama una moyo wa huruma, jaza kozi ya ustawi wa jamii. Safari hii nimeukuta umeambatana na picha ya msichana aliyewakumbatia watoto wa makao, sura za watoto zote wazi, na chini yake pongezi kibao. Nimeshindwa kunyamaza.

Huruma inatakiwa, sibishi. Asiyeguswa na shida ya mwenzake asiisogelee kazi hii. Lakini huruma haimwambii afisa ustawi aandike nini pale hakimu anapotaka kujua mtoto akalelewe wapi. Mahakama ya watoto inategemea ripoti yake kuhusu hali ya nyumbani, na aya mbili zilizoandikwa ovyo zinaweza kumrudisha mtoto kwa anayemwumiza, au kumtenga na mama ambaye kosa lake ni umaskini tu. Kwa hiyo, mdogo wangu, hiyo miezi uliyo nayo kabla ya kuripoti chuoni, iwe Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, au kwingine, itumie zaidi kujifunza kuangalia na kuandika.

Kaa dakika 20 mahali penye watu: stendi, kwenye bomba la maji, nje ya zahanati. Usiandike ukiwa pale. Ukirudi nyumbani jaza ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, alifanya nini, alisema nini. Majina usiweke. Kisha chukua kalamu nyekundu, pigia mstari kila neno ambalo ni hukumu yako. "Mama mzembe" ni hukumu. "Saa 4 asubuhi mtoto wa kama miaka 3 alikuwa peke yake uani, jiko la mkaa linawaka, mlango umefungwa kwa nje" ni taarifa. Ile ya kwanza wakili ataivunja kwa swali moja. Hii ya pili inasimama, na bado inaacha nafasi ya kuuliza mama alikuwa wapi, maana huenda alikuwa kwenye foleni ya maji kwa ajili ya mtoto huyohuyo.

Ukizoea hapo, tenganisha mambo matatu: ulichokiona mwenyewe, ulichoambiwa na nani, na unachodhani. Wapo wanaofika mwaka wa tatu wakiwa bado wanayachanganya yote katika sentensi moja, na ripoti zao za fildi hazimsaidii yeyote atakayelipokea faili baada yao. Maneno yenye uzito ya mteja, yaani mtu unayemhudumia, yaandike kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu. Chuoni utafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini mtoto hatakusimulia kwa Kiingereza. Akisema "ananichezea", andika hivyo kwanza. Ukikimbilia kuandika kwamba amebakwa, umemsemea, na kesi yake inaweza kuharibikia hapo.

Kuuliza nako kunafundishika. "Baba alikupiga, siyo?" ni swali lililobeba jibu lake, na mtoto aliyelelewa kuwakubalia wakubwa atasema ndiyo. "Niambie ilikuwaje." "Halafu?" Kisha nyamaza, hata kama ukimya unakuuma. Jizoeze na wadogo zako kwa mambo ya kawaida, siku yao ya shule ilikwendaje, bila kuwamalizia sentensi. Na usije ukamwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu yeyote. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Ahadi hiyo utaivunja, na hatakuamini tena.

Sheria hiyo isome yote kabla ya muhula wa kwanza. Kifungu cha 4 kinasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Cha 94 kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda watoto wa eneo lake. Isome pamoja na Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, kisha ufuatilie namna Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilivyoona vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Halafu zifahamu ofisi za kwenu kwa miguu yako. Nani mtendaji wa kata? Dawati la jinsia na watoto liko kituo gani cha polisi? Hospitali ipi inahudumia waliofanyiwa ukatili? Namba 116 ya watoto inapigwa bure. Haya yanahitaji kuwa kichwani, kwa sababu aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza uwezo wa dawa hizo kumkinga. Vikao vya familia vya "tuyamalize nyumbani" vinakula saa hizo. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na ushahidi huharibika.

Nirudi kwenye ile picha. Kujitolea wiki mbili kwenye makao ya watoto ili upate uzoefu hakumsaidii mtoto ambaye tayari amepoteza watu wake. Anakuzoea, unaondoka, na kesho anakuja mgeni mwingine na biskuti na simu. Kama unataka kujitolea, omba kazi isiyokuweka kwenye moyo wa mtoto: kupanga mafaili, kufua, kupika, kufuatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapotembelea kaya. Sura ya mtoto wa watu usiiweke mtandaoni kamwe. Hakukupa ruhusa, na siku moja atakuwa mtu mzima anayetafuta kazi.

Ajira ni chache, nakiri, na wanaosema hivyo hawakosei. Angalia pia unachojaza: ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii ni kada mbili tofauti, na wapo wanaogundua hilo wakiwa wameshaanza masomo. Kama unaomba mkopo, peleka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, au kwa mamlaka ya usajili ya Zanzibar kama ulizaliwa huko, kabla dirisha la HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, halijafunguliwa. Hakikisha kwanza kwamba majina ya kwenye cheti hicho yanafanana herufi kwa herufi na yale ya cheti cha kidato cha nne.