Rula Mbili, Kamusi Moja na Kikombe cha Utulivu

Kunywa chai kwa utulivu kunahitaji vifaa vifuatavyo: rula mbili za mbao za sentimita 30, rundo la vitabu, kamusi nene, raba bendi, shuka jeupe, kitambaa cheusi, pamba na mikroweve. Chai nayo iwepo, ila si lazima iwe ya kunyweka.

Ndivyo zinavyotaka zile video zinazovuma sasa, za watu wanaotuonyesha kwamba wameachana na mambo yanayovuma. Umeziona. Dirisha, kikombe, mvuke unapanda taratibu, mkono unafungua kitabu, na chini maandishi: "Furahia vitu vidogo." Sekunde kumi na tano, basi. Nikaona hili naliweza. Dirisha ninalo, chai ninayo, na vitu vidogo vimejaa nyumba nzima hadi pa kukanyagia hapapatikani.

Kinachosumbua kwanza ni mvuke. Jicho linauona, kamera haiuoni. Kile kinachopanda juu ya kikombe ni vitone vidogo mno vya maji, na kwenye picha vitone hivyo hujitokeza pale tu mwanga unapovipiga kutoka nyuma au ubavuni, huku nyuma yake pakiwa na giza. Mimi nilikuwa nimetandika shuka jeupe kila upande, kwa sababu mtandaoni utulivu ni mweupe. Mvuke mweupe mbele ya shuka jeupe haupo. Nikatundika kitambaa cheusi, nikaizungusha meza mpaka dirisha likakaa nyuma ya kikombe, kushoto kidogo. Mvuke ungeonekana vizuri sana, isipokuwa chai ilikuwa imeshapoa.

Wapiga picha wa vyakula wana dawa ya hilo. Chukua pamba, iloweke, ikamue kidogo tu, itie kwenye mikroweve dakika moja hivi, kisha ifiche nyuma ya kikombe. Itafuka vizuri kwa muda wa kutosha picha moja au mbili. Pamba iwe imelowa kwelikweli. Ikiwa kavu inaweza kushika moto humo ndani, na moshi utakaoupata hautakuwa wa utulivu. Nilifuata maelekezo yote, nikapata kikombe cha chai baridi kinachofuka pamba. Kwenye kioo cha simu kilipendeza mno. Nilihisi kabisa kwamba nimeanza kuishi polepole.

Picha ya pili ndiyo yenye kesi. Hiyo hupigwa kutoka juu: kijiko kinaingia, kinakoroga sukari, chai inazunguka. Mwenye stendi ya kupigia picha kutoka juu hana shida. Asiye nayo hujenga daraja la upande mmoja, na ujenzi wake ni huu. Panga vitabu pembeni ya meza mpaka kimo cha sentimita 35. Laza rula mbili sambamba juu yake, ziachane kama sentimita nne, zitokeze hewani nusu yake. Juu ya nusu iliyobaki kwenye vitabu, weka kamusi. Simu weka kwenye ncha zinazoning'inia, kioo kikiangalia juu, lenzi ikichungulia chini.

Watu huogopa daraja litapinduka. Halipinduki. Simu yangu ina uzito wa gramu 200 hivi na kamusi ile inakaribia kilo moja; mizani ilikuwa upande wangu, na yeyote anayesema jengo langu lilikuwa bovu anieleze kwa hesabu. Adui wa daraja la namna hii ni utelezi. Lenzi za simu nyingi ziko kwenye kona ya juu, kwa hiyo ili zisione rula, kichwa cha simu lazima kipite ncha za rula. Simu ya sentimita 16 ikining'inia sentimita tano, imebakiza sentimita tatu tu kabla katikati yake haijavuka ukingo. Mgongo wake ni wa kioo, rula ina vanishi. Tena rula zikibeba mzigo hupinda kidogo kuelekea chini, kwa hiyo umeiweka simu yako kwenye mteremko. Raba bendi mbili zilizopishana zinatosha kuishikilia, na kipande cha mpira chini yake kinafaa zaidi. Nyumbani ilipatikana raba bendi moja, nayo ilikuwa na umri.

Jaribio lilianza na chai ya moto na likaishia hapohapo, maana lenzi iliyo juu ya mvuke hupata ukungu ndani ya sekunde chache. Kwa picha ya juu tumia chai iliyopoa. Mvuke wenyewe hauonekani kutoka huko. Nikaziba chupa ya chai iliyokuwa bado ya moto, nikarudisha ile baridi kwenye kikombe kipana, nikatia sukari vijiko viwili vizima ili ichukue muda kuyeyuka. Nikabonyeza kipima muda cha sekunde kumi, nikakaa mkao wa mtu asiye na haraka, kijiko mkononi.

Kumi, tisa, nane. Saba, Shangazi akapiga.

Simu nilikuwa nimeizima sauti, lakini kuzima sauti si kuzima mtetemo. Ndani ya simu mna kimota kidogo, na kimota hicho kikianza kazi juu ya rula yenye vanishi na mteremko, simu haianguki, inatembea. Nililiona jina "Shangazi" liking'aa, likisogea milimita kwa milimita kuelekea ukingoni, na raba bendi ikijivuta nalo kwa uaminifu mpaka ikakatika. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kijiko. Wa kushoto ulikuwa umepangwa vizuri juu ya kitabu.

Simu iliingia kichwa. Kikombe kilikuwa kipana cha kuitosha, kwa hiyo haikulala. Ilisimama wima ndani ya chai, miguu juu, mithili ya bata anayetafuta chakula bwawani, na Shangazi bado anapiga. Kila ikitetema chai inaruka. Shuka likapata madoa, kitabu kikapata madoa, kitambaa cheusi hakikuonyesha kitu na ndicho pekee kilichobaki na heshima.

Hapa nieleze ya maana, kwa sababu jambo hili huwapata wengi wasio hata na rula. Simu ikizama, itoe na uizime mara moja. Usichomeke chaja kujaribu kama inafanya kazi. Umeme ukikutana na unyevu kwenye tundu la chaja, vyuma vyake huanza kulika. Kidroo cha laini usikichomoe kabla simu haijakauka. Kama kilichoingia ni maji matupu, futa. Kama ni chai ya sukari, na simu yako ni ya aina inayostahimili maji, isuuze kidogo kwa maji safi ya bomba, maana maji yakikauka sukari inabaki na kuganda kwenye vitundu vya spika na maiki. Igeuze tundu la chaja liangalie chini, igonge taratibu kwenye kiganja, kisha iache mbele ya feni. Mashine ya kukaushia nywele usiiguse: joto lake hulegeza gundi inayozuia maji yasiingie. Kukauka kabisa kunaweza kuchukua siku nzima.

Na usitegemee sana ile alama ya IP68. Sita ni ya vumbi, nane ni ya kuzama majini, lakini vipimo hufanyika kwa maji safi na kwa simu mpya. Sijaona maabara inayopima chai ya vijiko viwili. Kilichonisaidia mimi ni kwamba chai ilikuwa baridi. Lile shuka, kile kitambaa cheusi na fujo zake zote ndivyo vilivyonipotezea muda mpaka ikapoa.

Shangazi mwenyewe alifika alasiri, amefuata sufuria yake. Akaikuta simu mbele ya feni, imelala juu ya taulo.

"Mwanangu, itie kwenye mchele."

"Shangazi, mchele haufai. Unga wake na vipande vyake vinaingia kwenye matundu. Hata Apple waliandika mwaka 2024 kwamba simu isitiwe kwenye mchele."

"Hao wanauza simu. Watakwambiaje ipone?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza alichokuwa akinipigia asubuhi.

"Mimi? Sijakupigia."

Tukaichukua simu yake tukaangalia. Alinipigia kweli, mfululizo, na pia alimpigia fundi cherehani na namba moja yenye tarakimu nne ambayo hakuna anayeijua. Ilikuwa ndani ya mkoba, kioo hakijafungwa, inabonyezwa na funguo. Shangazi alicheka mpaka akaomba kiti. Chupa ya chai bado ilikuwa ya moto, tukamimina. Alikunywa kwa ule mvumo wake unaosikika hadi uani, akanisimulia ugomvi wa fundi cherehani na mteja aliyedai suruali yake imebadilishwa mguu mmoja, na nikasahau kabisa kuangalia kama mvuke wa kikombe chake unaonekana au la. Kitambaa cheusi bado kilikuwa ukutani nyuma yake, dirisha lilikuwa ubavuni. Ungeonekana vizuri.

Kesho yake simu iliwaka. Spika ya juu inakoroma kidogo, mengine yako salama. Video ya kijiko haikuwepo, kwa sababu kipima muda hakikumaliza kuhesabu. Ilikuwepo moja tu ya majaribio, ambayo kamera iliyokuwa imewashwa ni ya mbele. Simu ikiwa imelala kioo juu, kamera ya mbele huangalia dari; kabla hujabonyeza, hakikisha umegeuza. Ni dakika mbili na nusu za dari, na sauti yangu chini yake ikinong'ona, "Tulia. Tulia basi. Tulia, nimesema!"

Shangazi aliiomba, nikamtumia. Sasa imo kwenye kundi la ukoo, imependwa kuliko picha za harusi, na binamu yangu mmoja ameandika akiuliza ile alama ya kahawia karibu na taa ni lini nitapandisha fundi kuiangalia, maana paa linavuja.