Brenda Starr Angepanda Matatu ya Kawangware

Nyumbani tuligombania ukurasa mmoja tu wa gazeti la Taifa Leo: ule wa katuni ya Juha Kalulu. Juha alituvunja mbavu, lakini sikuwahi kulala nikijiuliza kesho yake itakuwaje. Hamu hiyo niliionja ukubwani, nilipokutana na Brenda Starr, ripota mwenye nywele nyekundu wa gazeti la kubuni, The Flash.

Katuni hiyo ya Brenda, ya Marekani, ilianza Juni 1940 ikakoma Januari 2011. Brenda alitoka hatari hii akaingia ile, na katikati ya yote akampenda Basil St. John, jamaa aliyefunika jicho moja na aliyetoweka mara kwa mara kwa sababu ya okidi nyeusi, maua yaliyotoa dawa ya ugonjwa wake. Wasomaji walingoja harusi yao hadi 1976. Subira gani hiyo!

Mchoraji alizaliwa Dalia Messick. Alipoona wahariri hawana haja na mchoraji mwanamke, akajiita Dale, wasijue ni mwanamke. Kwangu yeye ndiye shujaa, kuliko hata Brenda. Nilipoanza kazi katika chumba kimoja cha habari hapa mjini, wavulana walitumwa kwenye moto na maandamano, mimi nikatumwa kwenye maonyesho ya keki. (Keki zilikuwa tamu, sikatai.)

Ila kuna jambo tunalotofautiana. Maripota wa kweli walilalamika kwamba maisha ya Brenda hayafanani na yao, na Messick hakuficha kuwa uhalisi haukuwa shabaha yake. Aliona kazi yenyewe inachosha. Labda kwao. Hapa Nairobi unashinda mahakamani Milimani tangu asubuhi, kesi inaahirishwa, umekunja daftari unaondoka, ndipo mtu uliyemfuata wiki mbili anapiga kwa namba ngeni: njoo Gikomba, kwenye mitumba ya viatu, uje peke yako. Huendi? Unaenda. Moyo unadunda na simu ina asilimia nne.

Marehemu Frank Odoi, Mghana aliyechorea hapa hapa Nairobi, alituonyesha kwa katuni yake, Akokhan, kwamba tunaweza kufuata kisa cha kusisimua kilichotoka kwetu. Basi nani atatuchorea ripota wetu? Asiwe mrembo wa kupindukia. Viatu bapa, mkoba wenye zipu mbovu.

Picha ya kwanza naiona tayari: yumo ndani ya 46, matatu ya Kawangware, abiria wa nyuma anampenyezea bahasha ya kaki, konda anadai nauli, naye ana noti ya elfu tu.