Picha za theluji mnazozisifia hazina watu

Ndugu zangu wa Mwanza, kila ikifika Desemba mnaniomba picha za theluji. Nazituma, mnajibu "wenzetu mnafaidi". Leo nina neno kuhusu hizo picha.

Naishi Duluth, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kando ya Ziwa Superior. Kwa eneo hakuna ziwa la maji yasiyo na chumvi linalolizidi duniani: kama kilomita za mraba 82,000. La pili ni letu, Victoria. Na kwa kamera, kusema kweli, Superior halina mpinzani. Asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, maji ambayo hayajaganda hufuka mvuke kama sufuria ya ugali kabla unga haujatiwa, na meli ya kubeba mawe yenye madini ya chuma inatokea humo ndani imejaa barafu puani. Inapiga honi, daraja la chuma linajibu kwa honi yake, kisha linanyanyuka lipishe. Katikati ya Januari milango ya maji ya Sault Ste. Marie, inayopitisha meli kwenda maziwa mengine, inafungwa kwa matengenezo hadi Machi 25, na bandari inanyamaza.

Sasa zikagueni tena picha zangu. Watu wako wapi? Mjini wanapita kwenye njia za juu zilizofunikwa, jengo hadi jengo. Anayethubutu kutoka nje amejifunika mpaka machoni, hujui ni babu au binti. Ndiyo maana siku hizi napiga vitu vidogo: waya wa umeme unaoning'inia mbele ya gari, wa kupasha injini usiku, mstari mweupe wa chumvi ya barabarani juu ya ngozi ya buti, glavu moja iliyodondoshwa, mpita njia akaivisha kwenye nguzo ya uzio mwenyewe aione. Hapo ndipo ninapowaona majirani zangu. Na hakuna anayeniuliza nafanya nini. Atapunga mkono, "baridi leo", huyoo.

Nyanyua simu pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni, Mwanza, uone. "We kaka, hiyo picha unaipeleka wapi? Nunua dagaa kwanza!" Unanunua kisado, mnabishana bei, mama anajitengeneza kanga, anamwita na jirani yake wapigwe wote, halafu anataka aone ametokaje. Ametoka mweusi tii, maana jua la ziwani liko nyuma yake. Unaongeza mwanga, unarudia. (Mnaoulizia kwa nini theluji pichani inatoka ya kijivu, dawa ni hiyohiyo: kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, nawe uongeze.)

Wenzangu wengi wa huku wanasema nyumbani watu wana wivu na kamera, ughaibuni kuna uhuru. Sikubali. Yule mama ana haki ya kuuliza. Sura za watu wetu zimebandikwa kwenye matangazo ya kuchangisha misaada bila wenyewe kujua, na yeye hajui kama mimi ni wa kundi hilo. Swali lake linanilazimisha nijieleze, na tukimaliza tunajuana kidogo. Ninayemlalamikia ni mlinzi wa kivukoni anayekufokea ufute picha ya machweo, kana kwamba jua nalo ni siri ya serikali.

Huku ninapiga nyumba ya mtu miaka na miaka, theluji inashuka, inayeyuka, na jina lake silijui. Uhuru huo ninautumia, lakini nikichagua, nachagua kuulizwa.

Kwa hiyo mwaka huu tubadilishane. Nitumieni dagaa wanavyoanikwa Igombe, makonda wa Buzuruga wakigombea abiria, watoto wakioga chini ya mawe. Ombeni ruhusa kwanza. Na mkifokewa, niandikieni maneno yenyewe jinsi yalivyotamkwa, na matusi yakiwemo.