Pikipiki mbili pacha, moja Chiba, moja Mbagala

Nina pikipiki mbili zinazofanana kama Kulwa na Doto. Zote Honda CT125, zote mpya nilipozichukua mwaka 2023, duka moja, bei moja: yen 440,000. Moja naendea kazini huku Chiba, Japani. Nyingine iko Mbagala kwa mdogo wangu. Kwa chenji ya wakati ule kila moja ilikuwa kama milioni saba na nusu za kwetu. Ya Mbagala mpaka inawashwa ilikuwa imekula karibu mara mbili ya hiyo.

Ya Chiba haina hadithi ndefu. Bei iliyobandikwa dukani ndiyo niliyolipa, kwa sababu tangu Aprili 2021 sheria ya huku inamlazimu muuzaji kuonyesha bei yenye kodi ndani. Namba nilipewa bure ofisi ya jiji. Kodi ya mwaka ni yen 2,400, haifiki shilingi elfu hamsini, na naenda kuilipa dukani kule kule ninakonunua maziwa. Bima ya lazima ipo. Ukaguzi wa gharama unaowatoa jasho wenye pikipiki kubwa, kwa injini ya 125cc haupo. Msidhani ni peponi lakini: kubadilisha leseni ya Bongo nilifeli mtihani wa vitendo mara tatu, na pa kuegesha nalipia kila mwezi hata nisipoiwasha.

Sasa ya Mbagala. Mdogo wangu ni fundi wa AC, anazunguka mji mzima na begi la spana mgongoni. Akaniambia, "Kaka, Boxer kila mtu anayo. Nitafutie kama hiyo yako." Tukapata wakala wa kutoa mzigo. "Bosi, andaa milioni tatu, kila kitu humo humo." Nikaamini, maana ukishakaa nje unazoea kwamba ukitajiwa bei ndiyo bei.

Forodha haipigi hesabu kwenye bei ya pikipiki peke yake. Inachukua bei, inajumlisha nauli ya meli na bima. Kasha langu moja la mbao, ndani ya kontena la kuchangia, lilinitoa milioni moja na nusu, kwa hiyo tukaanzia milioni tisa. Ushuru wa Afrika Mashariki kwa pikipiki iliyokamilika ni asilimia 25: milioni mbili na robo. Halafu VAT ya asilimia 18, nayo haipigwi kwenye ile tisa, inapigwa kwenye tisa pamoja na ushuru wake: milioni mbili nyingine na ushee. Weka tozo ya reli, wakati ule asilimia 1.5. Weka na ada ya forodha, asilimia 0.6 ya bei ya huko ilikotoka. Inakaribia milioni nne na nusu. Kwa hela hiyo ya kodi tu, mdogo wangu angeingia Kariakoo akatoka na Boxer mpya, na ya mafuta ikabaki.

Kuna na uzembe wangu mwenyewe. Nilinunua dukani kama mtu anayenunua ya kutumia huku huku, kwa hiyo asilimia 10 ya kodi ya Wajapani ilikuwa ndani ya ankara. Bidhaa ya kusafirishwa nje, ikiwa na karatasi zake, haitozwi kodi hiyo. Mimi nimelipia kodi ya Japani ushuru wa Tanzania! Nililijua hili kasha likiwa baharini.

Lilipofika likakaa bandari kavu Kurasini. "Bosi, tuko hatua ya mwisho." Hatua ya mwisho ilikuwa na wiki zake, na kila siku ikizidi siku za bure, storeji inahesabu. Ongeza ujira wa wakala yule yule, elfu tisini na tano ya usajili, na kirikuu ya kuibeba mpaka Mbagala. Tukagota milioni kumi na nne na nusu.

Shangazi aliniuliza, "Mwanangu, kwani nyie wa nje hamsamehewi?" Msamaha upo, Shangazi, ila ni wa anayerudi nyumbani moja kwa moja na chombo alichokimiliki na kukitumia huko angalau miezi 12. Mimi sijarudi, nimetuma tu.

Sipingi kulipa. Ile asilimia 25 naielewa pia: Boxer nyingi huja vipande vipande zikafungwa hapa hapa, na kuna vijana wanaokula kwa kazi hiyo. Tena nyumbani kuna mambo wameyafanya vizuri kuliko huku. Mwaka 2017 ada ya leseni ya mwaka ya vyombo vya moto ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Anayetembea sana ndiye anayelipa sana. Mimi huku nalipa yen zangu hata baiskeli ikinitosha mwaka mzima. Mwaka 2021 nayo faini za bodaboda zikashushwa kutoka 30,000 hadi 10,000.

Kinachonikera ni kwamba jumla niliijua mwisho, mzigo ukiwa tayari umeshikiliwa na sina pa kuurudisha. Kikokotoo cha kodi ya magari yaliyotumika kipo mtandaoni na kinasaidia kweli, lakini hakikuambii storeji, hakikuambii wakala atataka nini. Ningetajiwa milioni kumi na nne na nusu siku ya kwanza, ningekaa na mdogo wangu tukaamua kama watu wazima. Pengine bado tungenunua. Anaipenda mno, anaifuta vumbi kwa fulana yake.

Juzi rafiki yake, fundi mwenzake, kanipigia anataka na yeye aletewe kama hiyo. Safari hii nimemtumia hesabu yote kwanza, mstari kwa mstari, mpaka ya kirikuu. Akajibu, "Sawa braza, ngoja nijipange." Kesho yake nikaona picha kaiweka: Boxer nyekundu, bado ina nailoni kwenye siti.