Bahasha za London na Michango Yetu Watu wa Amu

Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tulioko Uingereza hupenda kusema kwamba huku watu hawajaliani. Kwetu mtu akifiwa, adhuhuri haijaingia sinia za majirani zimeshafika na mchango umeshapita msikitini. Hilo ni kweli, nami sitalikana. Lakini ukichunguza jinsi watu wa huku walivyosaidia harakati za ukombozi kusini mwa Afrika, utaona wametuzidi kwa jambo moja: kumsaidia mtu wasiyemjua, mwaka baada ya mwaka, bila kutajwa majina.

Mwaka 1956 Afrika Kusini walikamatwa watu 156 kwa kesi ya uhaini. Kasisi John Collins wa kanisa kuu la St Paul's, London, akaanza kuchangisha pesa za mawakili na za kuzilisha familia zao. Hapo ndipo ulipozaliwa mfuko wa Defence and Aid. Mwaka 1966 Makaburu waliupiga marufuku, na kuanzia hapo pesa zikawa hazina budi kupita kwa siri.

Za mawakili zilipita kwa wakili wa London. Yeye alimwandikia mwenzake wa kule kwamba ana mteja angependa kugharamia utetezi wa fulani. Yule wa kule polisi wakimuuliza, alijibu ukweli mtupu: nalipwa na wakili mwenzangu, mteja wake simjui.

Za familia zilihitaji subira zaidi. Mfuko uliwatafuta watu wa kawaida, kila mmoja akapewa familia chache za wafungwa. Kila baada ya miezi miwili aliletewa pesa, akanunua hawala ya posta kwa jina lake mwenyewe, akaitia ndani ya bahasha pamoja na barua ya salamu: watoto hawajambo, baridi imezidi, maua yamechanua. Siasa haikuguswa. Jibu likija, alilipeleka ofisini, na barua hiyo ndiyo ikawa risiti. Humo ofisi ilisoma mtoto gani anadaiwa karo na mke gani anahitaji nauli ya kwenda kumwona mumewe gereza la Robben Island. Jibu lisipokuja, walijua kuna jambo. Inakadiriwa kwamba hadi mfuko ulipofungwa mwaka 1991, pauni milioni 100 hivi zilikuwa zimepita, nyingi zikitoka kwa serikali, Sweden ikiwa mbele.

Sasa tazama lililoharibika kwingine. Shirika la IUEF la Geneva, lililosomesha wakimbizi, lilimwajiri Craig Williamson. Alijifanya mpinzani wa Makaburu, kumbe ni jasusi wao, akapanda hadi naibu mkurugenzi. Alipofichuka Januari 1980, shirika likaporomoka. Aliaminiwa kwa kuwa alijulikana kama mwenzao, na cheo kikampa nafasi ya kuona majina na hesabu pamoja. Kwenye mfuko wa Collins, mwandishi wa barua aliona familia zake tu, na wakili aliona kesi yake tu.

Hapa ndipo panapotugusa. Kwetu amana hupimwa kwa kuuliza huyu ni mwana wa nani. Ni kipimo kizuri kwa mtaa mmoja, ila hakitoshi kwa mchango unaovuka bahari. Vikundi vyetu vingi vina mweka hazina mmoja, simu moja, na orodha ya wapokeaji inayorushwa WhatsApp kila mtu aisome. Mpokeaji anaaibika, mchango unafurika wiki ya kwanza, mwezi wa tatu kimya. Afadhali pauni tano zinazokatwa benki kila mwezi bila kukumbushwa kuliko mia moja za siku ya majonzi. Ashike pesa mmoja, majina ashike mwingine, na jibu la mpokeaji liwekwe faili.

Wala tusidhani haya ni mambo ya Afrika Kusini tu. Kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, ya Jomo Kenyatta na wenzake, ilitetewa na wakili Pritt wa Uingereza pamoja na Dudley Thompson wa Jamaica na H. O. Davies wa Nigeria, na India ikamtuma Chaman Lall. Wafungwa 11 walipouawa kwa kipigo kambi ya Hola, Kenya, tarehe 3 Machi 1959, taarifa ya kwanza ya serikali ilidai wamekufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu, kwa kuwa wabunge kama Barbara Castle waliushikilia London.

Na kuna Takwa, magofu yaliyo ng'ambo ya maji tu kutoka Amu. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya aliyekuwa ameshapambana na Wareno huko Goa, alikamatwa mwaka 1954 akazuiliwa kambi ya Takwa, kisiwani Manda. Huku Uingereza, karatasi za vuguvugu la kupinga ubaguzi wa Makaburu zimewekwa maktaba ya Bodleian, Oxford, hadi kumbukumbu za vikao. Sisi mgeni tunampeleka Takwa maji yakijaa, tunapita naye mikokoni, tunamwonyesha msikiti na nguzo yake, tunarudi. Habari ya kambi wengi wetu hatuigusi.

Waliokuwa watoto wakati ule sasa wana miaka zaidi ya sabini. Waulizwe Amu na Shela: nani alipeleka maji na chakula Manda, kwa mashua ya nani, barua zilipita mikononi mwa nani, askari walitoka wapi. Simu ya mkononi yatosha kurekodia. Mzee ataje jina lake, mtaa wake na alikuwa na umri gani, kisha sauti ihifadhiwe nakala mbili, moja ibaki Amu na moja aishike mtu aliye nje.